Kisanduku cha fyuzi kilichochoka kwenye pikipiki ya zamani

Pikipiki ya zamani inapoanza kuzimika ghafla kwenye barabara ya mashimo na kuwaka tena yenyewe mbele kidogo, wengi wetu hushuku swichi ya ufunguo, halafu betri, halafu koili inayozalisha cheche, na kisanduku cha fyuzi hukumbukwa mwisho kabisa, baada ya vipuri visivyo na hatia kubadilishwa. Sababu yake inaeleweka: mtu akifungua kisanduku na kuona fyuzi zote ni nzima, hukifunga na kuendelea na msako wake kwingine. Lakini kwenye pikipiki zilizoundwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyingi zikitumia fyuzi za kioo, fyuzi inaweza kuwa nzima kabisa huku kile kinachoishikilia kikiwa kimekwisha kazi, na ndiyo maana hapa nitazungumzia vishikio zaidi kuliko fyuzi zenyewe.

Kisanduku cha enzi hizo ni kipande cha plastiki ngumu kilichopachikwa jozi za vishikio vya shaba ya manjano. Fyuzi ya kioo, yenye kofia ya chuma kila upande, husukumwa katikati ya mbavu mbili za kila kishikio, na hakuna skrubu wala lehemu inayoifunga: kinachouwezesha umeme kupita ni ukakamavu wa mbavu hizo peke yake. Kwa nyuma, ribiti huunganisha kishikio na ulimi mdogo ambao kichwa cha waya huchomekwa. Ukiufuata mkondo hatua kwa hatua, utaona kwamba unatoka kwenye nyuzi za shaba na kuingia kwenye kichwa cha waya, kutoka hapo unaingia kwenye ulimi, kutoka kwenye ulimi hadi kwenye ribiti, kutoka kwenye ribiti hadi kwenye kishikio, na kutoka kwenye kishikio hadi kwenye kofia ya fyuzi, kisha unairudia safari hiyo hiyo kinyumenyume upande wa pili. Hayo ni maungio kumi kwa fyuzi moja, na pikipiki yenye fyuzi nne ina maungio arobaini ndani ya kisanduku kinachoenea kiganjani. Yote yamepitia miongo minne au zaidi ya mtetemo wa injini, vumbi na maji.

Jirani wa kisanduku, yaani betri, naye hakukisaidia. Mara nyingi kisanduku kiliwekwa chini ya kiti au nyuma ya kifuniko cha pembeni, karibu sana na betri ya maji, na betri ya aina hiyo inapochajiwa hutoa mvuke wenye asidi. Ule unga wa kijani au mweupe unaoonekana kwenye vishikio na vichwa vya waya mara nyingi ni kazi ya mvuke huo, hasa pale ambapo kibomba cha kupumulia cha betri kimechomoka au kimeelekezwa mahali pasipofaa. Kabla ya kugusa kisanduku chenyewe, kikague kibomba hicho, kwa sababu kisanduku kipya kitakachofungwa kwenye mvuke ule ule kitaishia kama cha kwanza.

Hata hivyo, joto huharibu zaidi ya kutu. Tuseme mkondo wa ampea 10 unapita kwenye kiungio chenye ukinzani wa omu 0.05, kiasi kidogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kukipima kwa uhakika. Volti 0.5 zinapotea hapo, na wati 5 zinageuka kuwa joto, yaani sawa na balbu ya taa ndogo ya nyuma ikiwaka bila kuzimwa ndani ya kisanduku kilichofunikwa. Shaba ya manjano inayopashwa joto namna hiyo mara kwa mara hupoteza ukakamavu wake. Mbavu zilizolegea huibana fyuzi kwa nguvu ndogo zaidi. Mbano ukipungua, ukinzani huongezeka, na joto nalo huongezeka. Tatizo hili likishaanza huwa halisimami lenyewe. Mwisho wake ni plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia na kujikunja, au mbavu iliyokatika kama ukucha mkavu siku mtu anapoichomoa fyuzi kwa ajili ya kuitazama tu.

Kabla ya kufika huko, pikipiki huwa imeshatoa malalamiko mengi ambayo ni rahisi kuyasoma vibaya. Mwanga wa balbu ya nyuzi hushuka haraka kuliko volti zenyewe, kiasi kwamba taa ya mbele iliyopaswa kupata volti 13.5, ikipata 12.5, hupoteza karibu robo ya mwanga wake. Mwenye pikipiki hununua balbu yenye wati nyingi zaidi, mkondo unaongezeka, na kisanduku kinazidi kuungua. Koili zinazopokea volti pungufu hutoa cheche dhaifu, na injini inakuwa ngumu kuwasha asubuhi, jambo ambalo kila mtu hulitafutia sababu kwenye kabureta. Indiketa huwaka bila kupepesa. Kwenye pikipiki za volti 6 hali ni mbaya maradufu, kwa kuwa taa ya wati zile zile huvuta mkondo mara mbili, na nusu volti inayopotea ni sehemu kubwa zaidi ya kile kidogo kilichopo.

Ipo dalili moja ninayoiamini kuliko nyingine zote, nayo iko kwenye fyuzi iliyokufa. Fyuzi ya kioo iliyokatika kwa sababu ya shoti huonyesha utepe ulioyeyuka katikati, na mara nyingi kioo chake huwa kimepakwa weusi au rangi ya fedha kwa ndani. Fyuzi iliyouawa na kishikio huwa na utepe mzima uliochomoka kwenye kofia, kwa sababu lehemu iliyoushika pale mwisho imeyeyushwa na joto lililotoka nje. Ukiona ya pili, usianze kutafuta shoti, na zaidi ya yote usiweke fyuzi kubwa zaidi. Hakukuwa na mkondo wa ziada hata kidogo.

Kipimo chenyewe ni chepesi, ila kina sharti lake. Kupima ukinzani kwa mita wakati mfumo umezimwa hakusaidii chochote hapa, kwa sababu mita hupitisha mkondo mdogo sana, na uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya ishirini unatosha kuifanya iseme kila kitu ni kizuri. Kinachotakiwa ni kupima volti zinazopotea wakati mzigo unavuta. Washa ufunguo, washa taa ya mbele kwenye mwanga mkali, weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kisha gusa kwa ncha moja kichwa cha waya unaoingia kwenye fyuzi na kwa ncha nyingine kichwa cha waya unaotoka. Fyuzi yenyewe lazima ipoteze kidogo, kwa kuwa utepe wake una ukinzani, lakini jumla ikizidi volti 0.1 kwa mzigo wa taa ya mbele, kuna kiungio kinachokula umeme. Ili kujua ni kipi, sogeza ncha hatua moja moja: kichwa cha waya na ulimi, ulimi na kishikio, kishikio na kofia. Nimezoea kuona watu wakishangaa kwamba hasara kubwa haiko kwenye vishikio wanavyovisugua kila mwezi, bali kwenye ribiti ya nyuma ambayo msasa haufiki.

Ribiti hiyo ndiyo inayoamua, kwa maoni yangu, kama kisanduku kirekebishwe au kiondolewe. Kikiwa na uchafu tu, mbavu zikiwa bado kakamavu na plastiki haijabadilika rangi, kukisafisha kunatosha: msasa laini uliozungushwa kwenye kijiti chenye unene wa fyuzi, brashi ndogo ya nyaya, kisafishio cha maungio ya umeme, na baadaye mafuta ya mgando kidogo juu ya chuma ili hewa na unyevu visifike. Ribiti iliyolegea inaweza kutiwa lehemu kwa nyuma, mradi chuma kimesuguliwa hadi kung'aa na kazi inafanywa haraka kabla plastiki haijalainika. Wako pia wanaotoboa ribiti za zamani na kufunga vishikio vipya vya bronzi kwa skrubu ndogo na nati za kujifunga, na kwa pikipiki inayotunzwa katika hali yake ya asili hiyo ni kazi ya heshima. Kile nisichokubaliana nacho ni kule kuzibana mbavu kwa koleo ili zikaze. Chuma kilichopoteza ukakamavu kwa joto hakiurudishi kwa kukunjwa. Kitabana kwa siku chache, kisha kitalegea au kitakatika, na kwa kawaida kitakatika mbali na nyumbani. Kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kilichozungushiwa fyuzi ni kibaya zaidi, kwa sababu kinaondoa ulinzi wenyewe na kuuacha waya uwe fyuzi.

Kama pikipiki ni ya kuendeshwa kila siku, ninapendelea kuondoa kila kitu na kuhamia kwenye fyuzi bapa za miguu miwili, zile zinazotumika kwenye magari tangu kampuni ya Littelfuse ilipozileta mwaka 1976. Miguu yake hushikwa kwa eneo pana zaidi, kofia inayoweza kuchomoka haipo, na utepe unaonekana bila kutoa fyuzi. Rangi zake pia humwondolea mtu kazi ya kusoma maandishi yaliyofutika: kahawia ni ampea 7.5, nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20 na kijani ni 30.

Hapa ndipo penye sehemu ngumu ya kazi, nayo haihusu bisibisi. Lazima ujue umeme unatoka wapi na kwenda wapi kabla ya kuchomoa waya hata mmoja, kwa sababu fyuzi nne zilizopangwa mstari mmoja kwenye kisanduku cha zamani hazifanyi kazi kwa mstari mmoja. Kwa mpangilio ulio wa kawaida kwenye pikipiki za Japani za miaka hiyo, waya mnene hutoka kwenye betri, mara nyingi kwa kupitia bolti ya rilei ya stata (swichi ya umeme inayoendesha mota ya kuwashia injini), na kuingia kwenye fyuzi kuu. Kutoka hapo unakwenda hadi kwenye swichi ya ufunguo iliyo mbele. Ufunguo ukifunguliwa, umeme unarudi nyuma kwa waya mwingine hadi kwenye kisanduku kile kile, na ndipo unapogawanywa kwa fyuzi ndogo za taa ya mbele, ya indiketa na honi, na ya koili. Fyuzi kuu, kwa hiyo, iko kabla ya swichi, na zilizobaki ziko baada yake, ingawa zinakaa bega kwa bega. Fundi asiyelijua hilo, akinunua kisanduku kipya chenye kipande kimoja cha shaba kinachounganisha pembejeo zote, yaani pande ambazo umeme unaingilia, na kuziingiza zote hapo, atapata pikipiki isiyozimika kwa ufunguo na betri iliyokufa asubuhi.

Rangi za nyaya husaidia, mradi hakuna aliyepita kabla yako akabadilisha. Kwenye Honda za kipindi hicho, nyekundu hutoka kwenye betri, nyeusi ndiyo inayopata umeme baada ya ufunguo, na kijani ni hasi. Yamaha walitumia nyekundu kwa betri na kahawia kwa baada ya ufunguo, nyeusi ikiwa ndiyo hasi, kwa hiyo mtu aliyezoea Honda na kuamini kwamba kila waya mweusi una umeme, au kinyume chake, anaweza kuunguza kitu ndani ya dakika moja. Suzuki walichagua rangi ya chungwa kwa baada ya ufunguo, na hasi yao ni nyeusi yenye mstari mweupe. Kawasaki walikwenda njia yao, betri ikiwa na waya mweupe na hasi ikiwa nyeusi yenye mstari wa njano.

Mimi siziamini rangi mpaka mita ithibitishe. Toa fyuzi zote, acha betri ikiwa imeunganishwa, ufunguo ukiwa umezimwa, na upime kila kishikio dhidi ya hasi. Kishikio kimoja tu kinapaswa kuwa na umeme, nacho ni pembejeo ya fyuzi kuu. Rudisha fyuzi kuu peke yake na uwashe ufunguo: vishikio vinavyopata uhai sasa ni pembejeo za fyuzi ndogo, na vile vinavyobaki vimekufa ni vya kutokea, vinavyoelekea kwenye taa, honi na koili. Ikiwa pikipiki ina vishikio viwili vyenye umeme kabla ya ufunguo kuwashwa, usiendelee kwa kubahatisha. Huenda kuna saa, taa ya maegesho, au kifaa alichoongeza mmiliki wa zamani, na waya huo unahitaji kufuatwa hadi mwisho wake. Piga picha, funga kipande cha utepe chenye maandishi kwenye kila waya, kisha ndipo uondoe betri, ukianza na waya wa hasi ikiwa fremu ya pikipiki imeunganishwa na hasi. Nasema ikiwa, kwa sababu pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1960 ziliunganisha chanya na fremu, na fyuzi yao moja ikawekwa kwenye waya wa hasi wa betri.

Pikipiki hizo za Uingereza zina mtego mwingine unaostahili kutajwa. Fyuzi ya kioo ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme, iliyoandikwa 35 haikukusudiwa kubeba ampea 35. Namba hiyo ni mkondo unaoikata, na uwezo wake wa kubeba muda wote ni takriban nusu yake, kama ampea 17. Fyuzi bapa za leo huandikwa uwezo wa kubeba. Mwenye Triumph, BSA au Norton anayesoma 35 kwenye kitabu cha zamani na kuweka fyuzi bapa ya ampea 30 au 40 akidhani amekuwa mwaminifu kwa kiwanda, amekipandisha kikomo cha fyuzi karibu maradufu. Ampea 15 au 20 ndizo zinazolingana na nia ya asili.

Kuhusu kisanduku kipya, mpangilio ninaoupenda ni kuitenga fyuzi kuu. Naiweka kwenye kishikio chake cha waya kisichoingiza maji, karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi ya kwanza hakina ulinzi wowote na hakipaswi kuwa kirefu. Fyuzi ndogo naziweka kwenye kisanduku kidogo chenye kipande cha pamoja cha shaba upande wa pembejeo, kinacholishwa na ule waya unaorudi kutoka kwenye swichi. Hapo kipande cha pamoja hakina hatari tena, kwa sababu vyote vinavyolishwa nacho vilikuwa baada ya ufunguo tangu mwanzo. Anayetaka kila kitu kikae pamoja kama zamani achague kisanduku ambacho kila fyuzi ina pembejeo na tokeo lake peke yake. Vyovyote iwavyo, kisanduku kielekezwe ili vichwa vya waya viangalie chini, maji yasikae ndani. Sipendi kukijaza silikoni: unyevu ulioingia hukosa pa kutokea, na kutu huendelea bila kuonekana.

Nyaya zenyewe huleta kazi kubwa kuliko kisanduku. Ukikata kichwa cha zamani na kukuta shaba nyeusi ndani ya ganda, kata tena nyuma zaidi hadi ukutane na shaba inayong'aa, na kama waya umekuwa mfupi, ongeza kipande chenye unene ule ule au zaidi. Shaba nyeusi haishiki lehemu na haibaniki vizuri. Kwa vichwa vipya ninatumia vile vya milimita 6.3 vyenye mabawa mawili, bawa moja likibana nyuzi za shaba na jingine likibana ganda la waya, na koleo linalofaa kwa vichwa hivyo, lile linalokunja mabawa kuelekea ndani badala ya kuyapondaponda. Bawa la pili ndilo linalobeba mtetemo. Mafundi wengi huongeza lehemu juu ya kichwa kilichobanwa wakiamini wanaimarisha, lakini lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na mwanzo wa ugumu huo ndipo waya hukatika baada ya miezi ya kutikiswa. Kichwa kilichobanwa sawasawa hakihitaji nyongeza. Ukikivuta kwa mkono kwa nguvu na kikabaki mahali pake, kifunike kwa mpira wa kusinyaa kwa joto na uendelee na kingine.

Ukubwa wa fyuzi hupangwa kwa kuulinda waya, na mzigo unapaswa kuwa chini yake kwa nafasi ya kutosha. Robo tatu ya uwezo wa fyuzi ni kikomo kizuri kwa mzigo wa muda mrefu. Taa ya mbele ya wati 60 kwa volti 13.5 huvuta takriban ampea 4.4, na hata ukiiongezea taa ya nyuma na za dashibodi, fyuzi ya 10 inatosha kwa starehe. Koili mbili zenye omu 4 kila moja huweza kuvuta zaidi kidogo ya ampea 6 endapo platini zote mbili (swichi ndogo za kuwashia koili) zimefunga injini ikiwa imesimama na ufunguo umewashwa, kwa hiyo nayo ni 10. Mota ya stata haihusiki, kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi mkondo wake mkubwa hupita kwenye kebo nene moja kwa moja kutoka kwenye betri bila kugusa kisanduku. Inafaa pia kukumbuka kwamba fyuzi haikati papo hapo mara mkondo unapovuka namba iliyoandikwa: fyuzi bapa inayobeba asilimia 135 ya uwezo wake inaruhusiwa kuvumilia hata dakika 10, na kwa asilimia 200 hukatika ndani ya sekunde 5. Waya ulio nyuma yake lazima uweze kuvumilia kipindi hicho bila kuyeyusha ganda lake, na hilo ndilo linalonifanya nisikubali kupandisha kutoka 10 hadi 20 eti kwa sababu ya 10 hukatika.

Ikiwa fyuzi mpya inakatika kweli, kwa utepe ulioyeyuka katikati, basi kuna shoti, na kuitafuta kwa kuteketeza fyuzi moja baada ya nyingine ni upotevu. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe kwa nyaya mbili fupi mahali pa fyuzi, na uwashe ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu yake yote, shoti ipo, lakini mkondo hauwezi kuzidi takriban ampea 1.75, kwa hiyo hakuna kinachoungua huku ukitikisa nyaya, ukigeuza usukani upande huu na huu, na kuchomoa vifaa kimoja kimoja. Itakapofifia au kuzimika ghafla, umeshika mahali penyewe. Kwenye pikipiki za umri huu mimi huanza na shingo ya usukani, ambapo nyaya zimekunjwa mara nyingi kuliko mahali pengine popote, kisha chini ya tangi, kisha waya wa taa ya nyuma unaosuguliwa na ukingo wa bati.

Kazi ikikamilika, rudisha betri bila fyuzi yoyote, weka fyuzi kuu kwanza, washa ufunguo, kisha ongeza nyingine moja moja huku ukikijaribu kile inachokilisha. Andika ndani ya kifuniko kazi ya kila fyuzi na ampea zake, kwa kuwa mchoro wa kiwandani hautalingana tena na kilichomo. Baada ya safari ndefu ya kwanza, gusa kila fyuzi na kila kichwa cha waya kwa kidole: vuguvugu si tatizo, lakini kinachokufanya uondoe kidole haraka kinahitaji kufunguliwa na kubanwa upya.

Kwenye pikipiki yangu, ambayo ni ya silinda mbili na ya mwishoni mwa miaka ya 1970, hasara kati ya betri na koili ilikuwa zaidi ya volti moja kabla ya kubadilisha kisanduku, na sasa imeshuka chini ya nusu volti. Nilipopima tena kipande kwa kipande, karibu yote iliyobaki ilikuwa ndani ya swichi ya ufunguo, kwa hiyo taa ya mbele itapata rilei yake ili mzigo wa swichi upungue, na swichi yenyewe itafunguliwa na kusafishwa.